Umeme Mgongoni: Namna Kisukari Kilivyokutana na Kifaa cha Kutuliza Maumivu

Mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi anaweza kulala vizuri saa tatu usiku, na saa saba akagutuka nyayo zinawaka moto. Shuka likigusa kidole cha mguu, anaruka. Wapo wanaolala miguu ikiwa nje ya kitanda, na wapo wanaoshuka kukanyaga sakafu ya saruji ili wapate ubaridi. Kunapokucha, daktari anaikagua miguu ile ile na haoni jeraha wala uvimbe.

Tangu mwaka 2021, wagonjwa wa namna hii nchini Marekani, wale ambao dawa hazikuwafaa, wana tiba nyingine iliyoidhinishwa rasmi: betri ndogo iliyofukiwa chini ya ngozi ya kiunoni, na nyaya nyembamba zinazopanda ndani ya uti wa mgongo na kutoa mapigo ya umeme. Kifaa chenyewe si kigeni. Binadamu wa kwanza aliwekewa mwaka 1967. Kwa nini basi mgonjwa wa kisukari alingoja zaidi ya nusu karne? Jibu limo katika historia mbili, ya umeme na ya sukari, ambazo kwa muda mrefu kila moja ilishika njia yake.

Samaki wa Roma: mwaka 47 hadi 1919

Scribonius Largus, tabibu wa Roma zama za Kaisari Claudius, aliandika kitabu cha dawa yapata mwaka 47. Mwenye jongo alimwagiza asimame ufukoni mahali penye maji, amkanyage samaki hai wa jamii ya taa anayepiga shoti, asiondoke mpaka mguu ufe ganzi kufikia gotini. Mwenye kuumwa kichwa aliwekewa samaki huyo huyo mahali panapouma. Scribonius hakujua umeme ni kitu gani. Alichojua ni kwamba kiungo kikifa ganzi, maumivu hupungua.

Samaki wa aina hii walijulikana zamani zaidi. Katika kaburi la Ti kule Saqqara, Misri, lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, amechongwa kambare wa umeme wa Mto Nile. Ndugu zake wapo pia katika Mto Kongo na Ziwa Tanganyika, na mvuvi anayemtoa wavuni kwa mkono mtupu humtambua mara moja.

Katika karne ya 18 umeme ulitoka kwa samaki ukaingia kwenye vyombo. Chupa ya Leiden, iliyobuniwa miaka ya 1745 na 1746, iliweza kuhifadhi umeme. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake, na yeye mwenyewe akaifananisha na kiungo cha umeme cha samaki. Kwa kuwa sasa kila mwenye fedha aliweza kununua umeme, matapeli nao waliingia sokoni. Karne nzima ya 19 iliuza mikanda, sanduku na brashi za umeme za kutibu kila maradhi. Mwaka 1919 Mmarekani Charles Kent alisajili hataza ya kifaa cha mkononi kiitwacho Electreat, kilichouzwa kwa wingi mpaka serikali ikaingilia kati kwa sababu ya madai yake yaliyopita kiasi. Madhara yake yakawa kwamba kufikia katikati ya karne ya 20 daktari mwenye kulinda jina lake hakutaka kusikia habari za kutibu maumivu kwa umeme.

Maumivu yaliyokuja na uhai: 1864 hadi 1993

Upande wa sukari, mwaka 1864 daktari wa Ufaransa, Charles Marchal de Calvi, aligeuza dhana ya wenzake. Wao walidhani ugonjwa wa neva ndio unaoleta kisukari. Yeye akasema kisukari ndicho kinachoharibu neva. Mwaka 1885 Frederick Pavy wa London alieleza yale ambayo wagonjwa wanayasema hata leo: miguu mizito, ganzi, na maumivu yanayochoma ghafla na kuzidi usiku.

Hata hivyo wachache waliishi hadi kufikia hatua hiyo. Mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini alikufa ndani ya miezi au miaka michache. Januari 1922 huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao, akanusurika. Kuanzia hapo kisukari kikawa ugonjwa wa kuishi nao, na kuishi nao miaka 20 au 30 kukaleta matatizo ambayo zamani hayakupata muda wa kujitokeza: macho, figo, mishipa ya damu na neva.

Neva ndefu huumia kwanza. Ile inayotoka kiunoni mpaka kwenye kidole gumba cha mguu ina urefu wa karibu mita moja, na hulishwa na vijishipa vyembamba vya damu njiani kote. Sukari inapokaa juu kwa miaka, vijishipa hivyo na neva zenyewe huharibika. Ndiyo maana ugonjwa huanzia vidoleni na kupanda kama soksi. Karibu nusu ya wenye kisukari hupata uharibifu huu katika maisha yao. Baadhi yao hawahisi chochote. Wengine neva zao zilizoumia hupeleka taarifa za moto ambao haupo.

Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina ya kwanza, kudhibiti sukari kwa ukali hupunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Hiyo ilikuwa habari njema kwa ambaye hajaumia. Aliyekwisha kuumia aliambiwa ashushe sukari na avumilie.

Lango: 1965

Mpaka miaka ya 1960 madaktari wengi waliyachukulia maumivu kuwa taarifa inayosafiri moja kwa moja kutoka mwilini hadi kwenye ubongo. Kwa fikra hiyo, dawa ya maumivu sugu ilikuwa kuikata njia. Wapasuaji walikata neva, hata sehemu za ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, na mara nyingi maumivu yalirudi, pengine makali kuliko mwanzo.

Novemba 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walichapisha nadharia yao katika jarida la Science. Walisema ndani ya ugwe wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi ya lango. Nyuzi nyembamba za neva, zinazobeba maumivu, hulifungua. Nyuzi nene, zinazobeba mguso na mtetemo, hulifunga. Ndiyo sababu aliyejigonga ugoko huusugua bila kufundishwa na mtu.

Sehemu kadhaa za nadharia hiyo zimesahihishwa tangu wakati huo, lakini iliacha wazo ambalo mhandisi angeweza kulifanyia kazi. Nyuzi nene husisimka kwa umeme mdogo kuliko nyuzi nyembamba. Basi umeme ukipimwa vizuri unaweza kulifunga lango bila kukata chochote. Mwaka 1967 Wall na mpasuaji William Sweet walijijaribia wenyewe kwa kuingiza vichomeo vya umeme kwenye neva za usoni, wakahisi maumivu yakififia. Umeme ukaanza kurudishiwa heshima uliyoipoteza mikononi mwa matapeli.

Cleveland, 24 Machi 1967

Mpasuaji Norman Shealy wa Cleveland, jimbo la Ohio, aliisoma nadharia ya lango na kuijaribu kwa paka. Alimpata kijana wa kumsaidia, Thomas Mortimer, mwanafunzi wa uhandisi, ambaye alitengeneza kipande cha chuma cha kupitishia umeme. Tarehe 24 Machi 1967 Shealy alifungua mgongo wa mzee wa miaka 70 mwenye saratani ya mapafu na kukiweka kipande hicho nyuma ya ugwe, mahali zinapopita nyuzi nene nyingi kwa pamoja. Umeme ulipowashwa, maumivu ya mzee yalipungua. Alifariki muda mfupi baadaye, lakini si kwa sababu ya kifaa.

Kiwanda kilikuwa karibu kupatikana. Kampuni ya Medtronic ya Minneapolis, iliyojijengea jina kwa betri za moyo, ilikuwa na kifaa cha kusisimua neva za shingoni kwa ajili ya shinikizo la damu na maumivu ya moyo. Kilibadilishwa kifanye kazi mgongoni, na mwaka 1968 kikaanza kuuzwa.

Mwanzo huo ulikipa kifaa mkondo wake kwa miongo iliyofuata. Kilizaliwa mikononi mwa wapasuaji wa ubongo na mgongo, na wagonjwa wao walikuwa wa saratani na wa migongo iliyokwisha kupasuliwa bila nafuu. Mgonjwa wa kisukari alikuwa kwenye kliniki nyingine, kwa daktari anayepima sukari, ambaye hakuwa na sababu ya kumpeleka kwa mpasuaji.

Nyaya na betri: 1968 hadi 2004

Vifaa vya kwanza vilikuwa taabu. Kuviweka kulihitaji kukata mfupa wa uti wa mgongo. Maji yanayozunguka ugwe yalivuja, nyaya zilikatika, na nguvu ilitoka nje ya mwili: mgonjwa alibandika antena juu ya ngozi na kutembea na mtambo wa kurusha mawimbi. Wengine waliwekewa bila kuchujwa vizuri na nafuu ikatoweka baada ya miezi. Katika miaka ya 1970 wapasuaji wengi walikata tamaa.

Mambo matatu yalikiokoa. Kwanza, badala ya kupasua, madaktari walijifunza kupitisha waya ndani ya sindano hadi kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaoufunika ugwe. Hii ilifungua mlango wa majaribio: waya huwekwa kwa siku chache, betri ikiwa mkandani, na asiyepata nafuu huchomolewa bila kuachiwa kitu mwilini. Pili, sheria ya Marekani ya mwaka 1976 iliviweka vifaa tiba chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA. Tatu, betri za lithiamu zilizotengenezwa kwa ajili ya moyo ziliwezesha mtambo mzima kufukiwa mwilini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2004 ikaja betri ya kuchajiwa kupitia ngozi.

Katika kipindi hicho chote kazi ya chumba cha upasuaji ilitegemea kinywa cha mgonjwa. Alilala kifudifudi akiwa macho, daktari akiusogeza waya kidogo kidogo huku akitazama picha ya eksirei. "Unasikia wapi?" "Pajani." Waya unasogezwa. "Na sasa?" "Unyayoni." Mchonyoto wa umeme ulipaswa kulifunika eneo lote linalouma; usipofika hapo, hakuna nafuu.

Liverpool, 1996

Historia hizo mbili zilikutana Uingereza. Mwezi Desemba 1996 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa ya Solomon Tesfaye na wenzake wa Liverpool. Walikuwa na wagonjwa kumi wa kisukari wenye maumivu ya miguu yaliyoshinda dawa zote. Wanane walipata nafuu ya zaidi ya nusu katika siku za majaribio, wakawekewa kifaa cha kudumu. Baada ya miezi 14, sita kati yao walikuwa bado wana nafuu na wanatumia umeme peke yake kama tiba. Uwezo wao wa kutembea nao uliongezeka.

Watu kumi ni wachache mno kubadili tiba ya dunia. Lakini kwa mara ya kwanza daktari wa kisukari na mtaalamu wa maumivu walikuwa wamesimama mbele ya mgonjwa mmoja, na jibu lilikuwa la kutia moyo. Ajabu ni kwamba utafiti mkubwa wa kulinganisha haukufuata kwa miaka 18.

Zamu ya vidonge: 1998 hadi 2012

Sababu moja ya kimya hicho ilikuwa famasi. Dawa ya zamani ya sonona, amitriptyline, ilikuwa imeonekana kutuliza maumivu ya neva. Mwaka 1998 dawa ya kifafa, gabapentin, ilipata ushahidi kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2004 FDA iliidhinisha duloxetine na pregabalin kwa ajili ya maumivu hayo hasa. Kidonge hakihitaji chumba cha upasuaji, na kampuni za dawa zilikuwa na fedha za kufanya tafiti za maelfu ya watu.

Dawa hizi zilisaidia, ila si wote na si sana. Wengi walibaki na sehemu kubwa ya maumivu, pamoja na usingizi wa mchana, kizunguzungu au kunenepa. Madaktari wa Marekani wakageukia dawa za jamii ya afyuni. Mwaka 2012 mojawapo, tapentadol, iliidhinishwa kwa maumivu ya neva za kisukari. Janga la uraibu lilipopamba moto nchini humo, kila tiba isiyo na afyuni ikaanza kusikilizwa upya.

Ushahidi wa Ulaya: 2014

Mwaka 2014 tafiti mbili zilitoka karibu pamoja. Ya kwanza, ya Maastricht nchini Uholanzi, iliwagawa wagonjwa 36 kwa bahati nasibu. Baada ya miezi sita, asilimia 59 ya waliowekewa kifaa walifanikiwa, dhidi ya asilimia 7 ya waliobaki na dawa. Ya pili, iliyohusisha hospitali za nchi kadhaa za Ulaya na wagonjwa 60, ilitoa picha inayofanana.

Lakini Maastricht ilileta msiba pia. Utando wa mgonjwa mmoja ulitobolewa wakati wa kuweka waya, damu ikavuja ndani ya fuvu, akafariki. Mwenye kisukari hana mwili wa kufanyiwa mzaha: vidonda vyake hupona polepole na maambukizi humshika upesi. Kutoka hapo hakuna aliyeweza kusema kuwa kifaa hiki ni jambo dogo.

Mapigo 10,000 kwa sekunde: 2006 hadi 2023

Vifaa vya zamani vilipiga mara 40 au 50 kwa sekunde, na mgonjwa aliuhisi mchonyoto. Nevro, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 2006, ilipandisha mapigo hadi 10,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mgonjwa hahisi kitu. Hahitaji kuulizwa unasikia wapi, na anaweza kulala kifaa kikiwa kimewashwa. FDA ilikiidhinisha mwaka 2015 kwa maumivu ya mgongo na miguu.

Kampuni kubwa za zamani zilikuwa zimejaza soko la migongo. Kisukari kilikuwa uwanja mtupu wenye watu mamilioni. Nevro iligharamia utafiti wa wagonjwa 216 katika vituo 18 vya Marekani, ukiongozwa na mpasuaji Erika Petersen wa Arkansas, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Katika miezi mitatu, asilimia 79 ya waliowekewa kifaa walipata nafuu ya nusu au zaidi bila neva kudhoofika, dhidi ya asilimia 5 ya wenzao waliobaki na dawa. Julai mwaka huo FDA iliidhinisha kifaa kwa maumivu ya kisukari. Medtronic ilipata kibali chake Januari 2022, na kampuni nyingine zikafuata mwaka 2023.

Tokeo jingine liliwashangaza wengi. Baada ya miezi sita, asilimia 62 ya waliowekewa kifaa walionekana na neva zinazohisi vizuri zaidi walipopimwa kwa uzi na kwa ncha ya pini. Umuhimu wake unaeleweka zaidi Dar es Salaam kuliko kwingineko. Mwaka 2005 madaktari wa jiji hilo waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala bila kuhisi, wakaamka na vidonda. Mguu wenye ganzi ndio unaokatwa. Iwapo umeme unaweza kurudisha hisia, faida yake itapita kutuliza maumivu. Lakini jambo hilo bado linahitaji kuthibitishwa na watafiti wengine.

Mashaka: 2018 hadi 2025

Mwaka 2018 waandishi wa habari za uchunguzi wa nchi mbalimbali, wakipekua kumbukumbu za FDA, waliripoti kuwa vifaa vya kusisimua ugwe wa mgongo vilitajwa katika zaidi ya taarifa 80,000 za madhara tangu 2008. Mwaka 2022 watafiti wa Norway waliwachukua watu 50 wenye maumivu yaliyobaki baada ya upasuaji wa mgongo, wakawasha na kuzima vifaa vyao kwa vipindi bila wao kujua. Tofauti haikuonekana. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kupima ushahidi wa tiba, yalitilia shaka faida ya vifaa hivi kwa maumivu ya kiuno.

Tafiti hizo mbili za mwisho ni za mgongo, na maumivu ya neva za kisukari yana chanzo kingine. Hata hivyo swali linahamia huku huku. Katika utafiti wa 2021 kila mtu alijua yuko kundi gani, na kundi la ulinganisho liliendelea na dawa ambazo zilikwisha kulishinda. Asilimia 79 dhidi ya 5 ni pengo kubwa, ila halituambii ni kiasi gani kinatokana na umeme na ni kiasi gani kinatokana na matumaini ya kupasuliwa na kuangaliwa kwa karibu.

Soko nalo halikusubiri jibu. Nevro, iliyowahi kuthaminiwa mabilioni ya dola, ilinunuliwa mwaka 2025 na kampuni ya Globus Medical kwa takriban dola milioni 250. Mwenye kifaa mwilini humhitaji fundi wa kukipanga na betri ya kubadilisha kwa miaka mingi, na sasa huduma hiyo iko chini ya mwenye mali mpya.

Mwendo huu unatuonyesha nini

Mgonjwa wa kisukari hakucheleweshwa na ugumu wa ufundi. Waya uliomfaa ulikuwapo tangu miaka ya 1970, na dalili ya kwanza ya manufaa ilichapishwa 1996. Alichelewa kwa sababu kliniki ya sukari na chumba cha maumivu hazikuzungumza, na kwa sababu utafiti mkubwa hufanywa pale anapopatikana mwenye fedha na haja nao. Mwenye haja alipopatikana alikuwa muuzaji, naye aliuliza swali la muuzaji: je, kifaa ni bora kuliko kuendelea na dawa zilizoshindwa?

Maswali yaliyobaki hayana muuzaji wa kuyagharamia. Je, kifaa kilichowashwa kinakishinda kilichozimwa kwa miguu ya kisukari? Je, hisia iliyorudi inapunguza vidonda na miguu kukatwa baada ya miaka mitano? Mwaka 2024 watu wazima wenye kisukari duniani walikadiriwa kuwa milioni 589, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako kifaa hiki hakitafika karibuni na kupima miguu kwa uzi kunagharimu kidogo sana. Hazina za serikali na vyuo vya umma ndivyo vyenye sababu ya kuyauliza. Visipoyauliza, mgonjwa anayeamka saa saba usiku ataendelea kupata tiba kwa mpangilio ule ule wa soko uliomchelewesha mara ya kwanza.